Wodi Haikuwa Kiwanda

Nusu ya watu unaowajua Eastlands wamezaliwa Pumwani, ama mama zao wamezaliwa huko. Hospitali hiyo ilianza 1926 ikiwa na jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo, Edward Grigg. Ilianza kama kazi ya hisani, na hapo ndipo shida ilipo. Kazi ikiitwa hisani, watu husahau haraka kwamba inaweza kumuumiza anayeifanya.

Cheki sheria. Kuanzia 1 Septemba 1951 Kenya ilikuwa na sheria ya usalama kazini, iliyochukuliwa kutoka sheria ya viwanda ya Uingereza ya 1937. Ilihusu viwanda: mashine zikingwe, boila zikaguliwe. Fundi wa Industrial Area alikuwa na inspekta, angalau kwenye karatasi. Lakini nesi anayeshika damu usiku kucha hakuwa kiwandani, kwa hivyo hakuwa na mtu. Ni mpaka 1990 ndipo sheria ikapanuliwa kufika "mahali pengine pa kazi". Hiyo ni karibu miaka 40.

Na kufikia 1990 wodi ilikuwa imebadilika. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini alitambuliwa 1984. Sindano ambayo zamani ilikuacha na kidole kinachouma, sasa ilikunyima usingizi. Siku hizi aliyechomwa anapaswa kuanza dawa za kuzuia virusi kabla saa 72 hazijaisha, halafu azimeze siku 28. Ukimuuliza nesi, atakwambia mtu hachomwi juu ya uzembe tu. Anachomwa saa kumi usiku, akiwa peke yake na wagonjwa wengi, na boksi la kutupia sindano limejaa pomoni.

Mwaka 2007 zikaja sheria mbili mpya. Moja inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wenyewe wakae ndani. Ya pili inatoa fidia kwa aliyeumia kazini, hata aliyepata ugonjwa huko. Hiyo ya pili ilipingwa kortini, kesi ikavutana mpaka Desemba 2019, Mahakama ya Juu ilipoimaliza. Miezi mitatu baadaye, 13 Machi 2020, Korona ikatangazwa Nairobi.

Tunajua kilichofuata. Desemba 2020 Daktari Stephen Mogusu, miaka 28, alikufa kwa Korona baada ya kuwahudumia wagonjwa Machakos, akiwa hajalipwa kwa miezi. Mwezi huohuo manesi, makliniko na madaktari waligoma, wakidai vifaa vya kujikinga na bima. Wengine waliwaambia wana roho mbaya. Hisani tena: ukidai glavu, unaonekana humpendi mgonjwa.

Sasa hesabu nani bado yuko nje. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wale tunaita CHP. Wengi ni kina mama wa mtaa. Wanapanda ngazi za floti za Pipeline na Kayole na begi mgongoni, wanapima presha na sukari, wanakaa chumba kisicho na dirisha na mtu anayekohoa wiki ya tatu. Wanalipwa marupurupu, si mshahara. Na sheria ya fidia inamtambua mtu aliyeajiriwa kwa mkataba. Mama huyo akipata TB kwa kazi hiyo, swali la kwanza litakuwa: wewe ni mfanyakazi wa nani?

Nesi alingoja mpaka 1990 ndio sheria imwone. CHP hawezi kungoja hivyo, kwa sababu kesho asubuhi yuko kwa mlango wa jirani yako. Akibisha kwako, mfungulie dirisha kwanza. Halafu MCA akija kuomba kura, muulize: huyu mama akiugua, nani anamlipa?