Bunduki Zilizoundwa London kwa Ajili ya Tembo Wetu

Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 21, 1909, wiki chache tu baada ya kumaliza urais wa Marekani. Katika shehena yake ya mahema, chumvi ya kuhifadhia ngozi na vitabu, ilikuwemo bunduki ya mitutu miwili ya kampuni ya Holland & Holland ya London. Ilikuwa zawadi. Kundi la Waingereza, wengi wao wataalamu wa wanyama na wawindaji, walichangishana fedha chini ya Edward North Buxton ili kumshukuru Roosevelt kwa mbuga na misitu aliyoilinda kwao Marekani. Watu wale hawakuona mgongano wowote kati ya kumsifu mtu kwa kulinda wanyama na kumpa silaha ya kuulia tembo. Sisi tunauona, na ni haki yetu kuuona.

Bunduki kama hiyo hutajwa kila mara kuwa fahari ya mafundi wa Uingereza, na kweli ufundi wao ni wa kustaajabisha. Lakini ukifuatilia kwa nini kila kipande chake kilichongwa vile kilivyochongwa, majibu mengi utayapata huku kwetu, katika joto la nyika, unene wa fuvu la tembo, giza la misitu ya mlimani na kazi ya watu waliotembea nyuma ya mwindaji.

Kabla ya bunduki za aina hiyo mambo yalikuwa magumu. Frederick Selous, ambaye jina lake lilikuja kupewa pori kubwa la akiba kusini mwa Tanzania, alifika Afrika Kusini mwaka 1871 akiwa kijana wa miaka 19. Tembo wake wa mwanzo aliwaua kwa magobore mazito ya fundi Hollis wa Birmingham, yaliyojazwa kwa mdomo. Goluli moja ilikuwa na uzito wa robo ratili, kiasi cha gramu 113. Baruti nyeusi ilichotwa mkobani kwa mkono, tena mwindaji akiwa mbioni. Kila mlipuko ulimpiga bega kwa teke la kuangusha mtu, kisha moshi ukamfunika asijue tembo anamjia au anakimbia. Baadaye Selous alijutia kuwahi kuzishika bunduki hizo, akisema zilimharibia utulivu wa kulenga.

Mageuzi yaliletwa na kemia. Mwaka 1889 Uingereza ilipata kodaiti, baruti isiyo na moshi mwingi na yenye nguvu zaidi kuliko ile nyeusi. Mwaka 1898 kampuni ya John Rigby, iliyoanzia Dublin na kuhamia London, ikatoa risasi ya .450 ya baruti hiyo mpya. Kichwa chake kilikuwa na uzito wa gramu 31 hivi na kiliondoka mtutuni kwa mwendo wa mita 650 na zaidi kwa sekunde. Bunduki ya kilo tano sasa ilifanya kazi iliyoshindwa na magobore ya zamani, na mwindaji akaona mbele yake baada ya kufyatua. Watengenezaji wengine wakafuata: Holland & Holland, Westley Richards, Jeffery, Lang. Serikali ya India ilipozuia risasi za .450 kwa kuhofia zingeangukia mikononi mwa waasi wenye bunduki za kijeshi za kaliba hiyo, kila kampuni ikabuni kaliba yake ya kukwepa katazo. Hiyo ndiyo sababu ya utitiri wa .465, .470 na .475 unaowachanganya wasomaji wa vitabu vya uwindaji mpaka leo.

Kuagiza bunduki ya namna hiyo kulianza na mwili wa mwagizaji. Kama fundi cherehani anayepima koti, mpimaji alichukua urefu wa mkono, upana wa kifua, urefu wa shingo na jicho analolengea mteja. Kutokana na vipimo hivyo alipanga umbali kati ya kifyatulio na mwisho wa kitako, kiasi kitako kinavyoshuka chini ya mstari wa mtutu, na kiasi kinavyopinda pembeni ili jicho likae sawa na shabaha bila mtu kukunja shingo. Nyati anapotoka kichakani hatua 15 mbele yako, hakuna muda wa kutafuta shabaha. Bunduki ikiinuliwa lazima iwe tayari imeelekea pale macho yanapotazama.

Baada ya vipimo yalifuata maswali ya nchi na mnyama. Unakwenda kwa tembo wa msituni au simba wa mbugani? Kwa msitu mnene, shabaha ya mbele iliwekewa shanga nyeupe ya pembe au enameli ili ionekane gizani. Je, maganda yaruke yenyewe bunduki inapofunguliwa? Wengi walipenda hivyo kwa sababu ya wepesi, lakini baadhi ya wawindaji wa tembo walikataa. Mlio mdogo wa chuma unaporusha ganda unatosha kumwambia mnyama aliyejeruhiwa mahali ulipo.

Kitako kilichongwa kwa mti wa mjozi, hasa wa Ufaransa au Uturuki, na fundi alichagua kipande ambacho nyuzi zake zinapita moja kwa moja pale mkono unaposhika, maana hapo ndipo teke linapovunja mbao. Chuma na mbao vilioanishwa kwa masizi ya taa. Fundi alipaka chuma masizi, akakiweka katika nafasi yake, akakitoa, akaona masizi yameacha alama wapi, akapunguza kidogo kwa patasi au tupa, akarudia tena mpaka alama ienee kote. Kazi hiyo ilimla mtu mmoja wiki nyingi, na bado mitutu, mitambo na nakshi vilikuwa na mafundi wao wengine. Kisha ikaja nyumba ya majaribio, ya London au ya Birmingham, ambako kwa mujibu wa sheria kila mtutu hufyatuliwa kwa risasi yenye nguvu kupita ya kawaida, na usipopasuka hugongwa mhuri.

Lakini hatua ninayoiona kuwa kilele cha ufundi wote ni kulinganisha mitutu miwili. Mtu asiyejua atadhani inatosha kuilaza sambamba. Haitoshi hata kidogo. Mtutu wa kulia ukifyatuliwa, teke linaisukuma bunduki juu na kulia kabla risasi haijatoka. Wa kushoto unaisukuma kushoto. Mitutu ikiwa sambamba kabisa, risasi zitaachana. Kwa hiyo midomo yake husogezwa ikaribiane kidogo, kiasi ambacho hakuna hesabu ya karatasini inayoweza kukitabiri kwa uhakika. Fundi analazimika kwenda uwanjani, apige kulia, apige kushoto, atazame matundu kwenye karatasi, arudi ayeyushe lehemu mdomoni mwa mitutu, asogeze kabari ndogo iliyo katikati, achomelee upya, apige tena. Anarudia hivyo mpaka risasi za pande zote mbili ziangukie mahali pamoja. Na usawa huo ni wa risasi ya aina ile ile tu. Ukibadilisha uzito wa kichwa au kiasi cha baruti, mitutu inaanza kugombana tena.

Thamani ya taabu hiyo ilionekana kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Huko Roosevelt, akiongozwa na R.J. Cuninghame, alimkuta tembo dume katika msitu mzito. Risasi ya mtutu wa kwanza ilimpata kichwani, lakini ilikosa ubongo kidogo na tembo akayumba tu. Ya pili, papo hapo, ikamwangusha. Kabla Roosevelt hajajaza tena, dume mwingine akapasua vichaka karibu naye kiasi kwamba ilimbidi ajifiche nyuma ya mti, na Cuninghame ndiye aliyefyatua kumgeuza. Mitutu miwili inatoa nafasi mbili za haraka sana, kisha inamwacha mwenyewe mikono mitupu. Uzuri na hatari ya bunduki hiyo vyote vilidhihirika katika dakika moja.

Njia nyingine, ya bunduki ya mtutu mmoja yenye magazini, ilitokea Ujerumani. Mtambo wa Mauser wa mwaka 1898, uliobuniwa kwa ajili ya jeshi, ulikuwa na ukucha mkubwa unaolishika ganda tangu linapotoka magazini, hivyo mpigaji aliyetaharuki hawezi kukwamisha risasi mbili pamoja kwa urahisi. Rigby walikuwa mawakala wake Uingereza, nao waliagiza mitambo mirefu kwa risasi kubwa. Mwaka 1911 walitoa .416 Rigby, na ganda lake ni pana ajabu. Kodaiti hupandisha shinikizo bunduki na risasi zikipata joto. Ganda lililotolewa vizuri kwenye baridi ya London lingeweza kung'ang'ania ndani ya chemba chini ya jua la Tsavo, na mbele ya tembo hilo ni sawa na kifo. Nafasi ya ziada ndani ya ganda ilishusha shinikizo likabaki salama. Mwaka uliofuata Holland & Holland walitoa .375 yao, ambayo nchini Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii unaendelea, ndiyo kaliba ya chini inayokubalika kwa wanyama hatari.

Aliyetikisa imani hiyo yote ya risasi nene ni Walter Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa Rigby ya .275, kaliba ambayo wengine waliiona ya swala. Siri yake ilikuwa maarifa. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi ukitazamwa kila upande, akachagua bunduki nyepesi ambayo mkono wake hautetemeki ukiishika. Ninakubaliana naye juu ya bunduki. Juu ya tembo 1,000 siwezi.

Sasa tuje kwa watu ambao katalogi za London hazikuwaandika. Mwindaji mwenye bunduki mbili alihitaji mtu wa kumkabidhi ya pili ikiwa imejaa, bila kukimbia, nyati akiwa hatua chache mbele. Fataki za risasi za wakati ule ziliacha chumvi inayokula chuma, hivyo kila jioni mitutu ilioshwa kwa maji ya moto, ikakaushwa na kupakwa mafuta. Mwindaji alipokuwa anaoga na kula, kazi hiyo ilikuwa ya mbeba bunduki. Mitutu mingi iliyodumu miaka 100 imedumu kwa mikono ya wabeba bunduki hao. Roosevelt, katika kitabu chake cha 1910, aliwataja baadhi yao kwa majina: Bakari, Juma Yohari, Kasitura. Wawindaji wengi hawakufanya hata hivyo.

Na wakati bunduki hizo zikiingia kwa leseni, uwindaji wa wenyeji ulikuwa unafungwa kwa sheria. Wawata wa nyika ya Tsavo waliwinda tembo kwa upinde unaohitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100 kuuvuta, na mishale yenye sumu ya msunguti. Upinde huo nao ulichongwa kwa kipimo cha mwenyewe. Katika operesheni za kupinga ujangili za miaka ya 1950 waliitwa majangili na kufungwa jela, ilhali mgeni mwenye leseni aliitwa mwanaspoti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977.

Bunduki ya Roosevelt iko katika jumba la makumbusho la Frazier, Louisville, Marekani. Upande wake wa London una kumbukumbu zilizotunzwa vizuri, kwani kampuni hizi zina madaftari yanayoonyesha kila bunduki, namba yake na mnunuzi wake. Upande wetu hauna daftari kama hilo. Kama babu yako au baba wa babu yako alibeba bunduki katika msafara, Machakos, Meru, Voi, Arusha au Karamoja, andika jina lake, kijiji chake na mwindaji aliyemtumikia. Kama kuna picha, kipande cha kazi au barua ya sifa nyumbani, peleka nakala katika makumbusho ya taifa yaliyo karibu nawe. Wazee wanaoyakumbuka majina hayo wanazidi kupungua, na kazi hii inapaswa kufanywa sasa.