Uvamizi wa Entebbe na Watazamaji Wake

Makomando wa Israel walitua katika uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976. Tarehe 13 Desemba ya mwaka huohuo Wamarekani walikuwa wameketi mbele ya televisheni zao wakitazama tukio hilo likiigizwa na nyota wa Hollywood. Kabla mwaka 1977 haujaisha zilikuwa zimeshatoka filamu tatu, na ya nne ikafuata mwaka 2018. Zote zinasimulia kisa kilekile chenye tarehe, majina na makaburi, lakini kila moja ilipokelewa kwa namna yake, na maoni ya watazamaji yalitegemea sana mahali walipokuwa wakati mateka wanashikiliwa.

Kisa kilianza Jumapili ya tarehe 27 Juni. Ndege ya Air France, safari namba 139 kutoka Tel Aviv kwenda Paris, ilitekwa muda mfupi baada ya kuondoka Athens, ilikotua kuchukua abiria wengine. Watekaji walikuwa wanne: Wapalestina wawili wa tawi la kundi la wapiganaji la PFLP, lililoongozwa na Wadie Haddad, na Wajerumani wawili, Wilfried Böse na Brigitte Kuhlmann, wa kikundi cha mrengo wa kushoto cha Revolutionäre Zellen. Ndege ilipitia Benghazi kuongeza mafuta, kisha ikatua Entebbe alfajiri ya tarehe 28. Hapo watekaji waliungana na wenzao, na wakapata ulinzi wa jeshi la Uganda. Walidai wafungwa 53 waachiliwe. Wengi walikuwa katika magereza ya Israel, na wachache wakidaiwa kushikiliwa Kenya na Ulaya.

Rais Idi Amin alikuwa na historia ndefu na Israel. Aliwahi kupata mafunzo ya kuruka kwa miavuli huko, na aliendelea kuvaa beji ya mabawa hata baada ya kuvunja uhusiano na nchi hiyo mwaka 1972. Aliwatembelea mateka katika jengo la zamani la abiria, akiwasalimu kwa neno la Kiebrania, na kujitangaza kuwa mpatanishi. Katikati ya wiki wengi wa mateka wasio Waisraeli waliachiliwa kwa makundi mawili. Rubani Michel Bacos na wenzake wa Air France walikataa kuwaacha abiria waliobaki.

Operesheni yenyewe ilihusisha ndege nne za mizigo aina ya Hercules zilizosafiri kama kilomita 4,000, zikiruka chini chini kwa sehemu ya njia ili zisionekane na rada. Mateka 102 kati ya 106 waliokolewa. Watatu walikufa katika purukushani, akiwemo Jean-Jacques Maimoni, kijana wa miaka 19 aliyepigwa risasi na makomando wenyewe kwa kudhaniwa mtekaji. Wa nne, Dora Bloch, bibi wa zaidi ya miaka 70, alikuwa amelazwa Hospitali ya Mulago, Kampala, na hakuwepo uwanjani. Aliuawa baada ya uvamizi. Jeshi la Israel lilimpoteza kamanda Yonatan Netanyahu. Askari wa Uganda waliouawa hukadiriwa kuwa kati ya 20 na 45. Ndege za kivita za Uganda ziliteketezwa zikiwa chini, na kikosi kikarudi kwa kupitia Nairobi, kilikopata mafuta na matibabu ya majeruhi.

Filamu ya kwanza, Victory at Entebbe ya kituo cha ABC, iliharakishwa mno. Mwongozaji Marvin Chomsky aliirekodi studioni kwa mkanda wa video, akishindana na kampuni nyingine zilizokuwa mbioni na kisa hichohicho. Godfrey Cambridge, aliyepewa nafasi ya Amin, alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa kazini tarehe 29 Novemba. Amin alisema hiyo ni adhabu ya Mungu. Julius Harris akachukua nafasi, na wiki mbili baadaye filamu ilikuwa hewani. Anthony Hopkins aliigiza kama Waziri Mkuu Yitzhak Rabin, na Burt Lancaster kama Waziri wa Ulinzi Shimon Peres. Kirk Douglas na Elizabeth Taylor walikuwa wazazi wa binti aliyetekwa, familia ambayo ilibuniwa na mwandishi. Wahakiki wengi waliona msururu wa nyota hao unamfanya mtazamaji ahesabu sura maarufu badala ya kufuata kisa. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Mtazamaji anayemkumbuka Elizabeth Taylor akilia huku hamkumbuki Dora Bloch amepewa kitu kidogo sana.

Huko Ulaya filamu hiyo ilionyeshwa katika kumbi za sinema, na huko maoni ya kuipinga yalichukua sura ya hatari. Böse na Kuhlmann walikuwa wameuawa Entebbe, na wenzao wa Revolutionäre Zellen waliichukulia filamu kama propaganda juu ya wafu wao. Januari 1977 ukumbi wa sinema mjini Aachen, Ujerumani Magharibi, ulitegwa mitambo ya kuwasha moto kwa sababu ulikuwa ukiionyesha. Ni vigumu kupata mfano mkali zaidi wa filamu kuhusu ugaidi kushambuliwa kwa mbinu zilezile inazozisimulia.

Filamu ya pili, Raid on Entebbe ya kituo cha NBC, ilitoka tarehe 9 Januari 1977, chini ya mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza, na watazamaji waliipokea vizuri zaidi. Mwongozaji Irvin Kershner aliipa nafasi kubwa meza ya baraza la mawaziri. Mtazamaji anamwona Rabin, akiigizwa na Peter Finch, akipima kati ya kuwaachilia wafungwa na kutuma askari mahali ambapo kosa moja lingeua mateka wote. Charles Bronson, aliyezoeleka kama mtu wa bunduki na maneno machache, hapa ni Brigedia Dan Shomron, kamanda wa operesheni, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kupanga na kujibu maswali ya wanasiasa. Yaphet Kotto alimwigiza Amin mcheshi na wa kutisha kwa wakati mmoja. Finch alifariki siku tano baada ya filamu kurushwa, na watu wengi wakaitazama tena kama kazi yake ya kumuaga. Filamu ilipata tuzo ya Golden Globe, na hadi leo ndiyo inayotajwa kwanza na wale wanaotaka usahihi kuliko mbwembwe.

Ya tatu ilitoka Israel kwenyewe. Mivtsa Yonatan, inayojulikana nje kama Operation Thunderbolt, iliongozwa na Menahem Golan kwa msaada wa jeshi la nchi hiyo. Ndege za Hercules zinazoonekana ni za kweli, na baadhi ya viongozi wa serikali wanaonekana kwa sura zao wenyewe. Nafasi ya Yonatan Netanyahu alipewa Yehoram Gaon, mwimbaji aliyependwa sana nchini humo, na Klaus Kinski akawa Böse. Watazamaji wa Israel waliipokea kama kumbukumbu ya familia. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu vita vya Oktoba 1973 vilipowatikisa, na Entebbe iliwarudishia imani kwa jeshi lao. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Udhaifu wake unatokana na mapenzi hayohayo: shujaa wake hana shaka, mpango hauna ufa, na askari wa Uganda huanguka bila kuwa watu.

Golan alirudia mtindo huo mwaka 1986 katika The Delta Force, akitumia utekaji wa ndege ya TWA wa mwaka 1985. Katika historia, mateka wale waliachiliwa kwa mazungumzo. Katika filamu, Chuck Norris na Lee Marvin wanawakomboa kwa risasi. Ladha ya Entebbe ilikuwa imeshawafunza watazamaji kungoja mwisho wa aina moja, hata pale ambapo ukweli haukuutoa.

Afrika ililitazama tukio lenyewe kwa jicho jingine kabla ya filamu yoyote kutengenezwa. Amin alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na alikuwa Mauritius kukabidhi kiti hicho siku chache tu kabla ya uvamizi. Serikali nyingi za Afrika zililaani ukiukaji wa mipaka ya nchi mwanachama. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilijadili suala hilo mwezi Julai na likamaliza bila kupitisha azimio. Wengi waliomchukia Amin hawakufurahia kuona jeshi la kigeni likitua Afrika, kuua na kuondoka. Mkanganyiko huo wa hisia haumo katika filamu yoyote kati ya tatu za mwanzo.

Kenya ililipa gharama kubwa. Februari 1976 Amin alikuwa amedai sehemu ya magharibi ya Kenya kuwa ardhi ya Uganda, kwa hiyo uhusiano ulikuwa umeshachacha. Baada ya Nairobi kutajwa kuwa kituo cha mafuta cha Waisraeli, Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda walisakwa. Wengi waliuawa na maelfu wakakimbilia kwao. Bruce McKenzie, waziri wa zamani wa kilimo wa Kenya aliyetajwa kusaidia mawasiliano na Israel, alikufa Mei 1978 bomu lilipolipuka ndani ya ndege aliyopanda kutoka Uganda. Katika filamu, Nairobi hupita kwa dakika chache, kama kituo cha petroli njiani.

Amin wa filamu za kwanza huzungumza Kiingereza pekee, ilhali alikuwa akikitumia Kiswahili kila siku jeshini na mwaka 1973 alikitangaza kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Pengo hilo lilianza kuzibwa mwaka 2006 katika The Last King of Scotland ya Kevin Macdonald, iliyorekodiwa Uganda kwenyewe. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya nafasi hiyo, iliyompatia Oscar. Sehemu ya mwisho ya filamu inatokea Entebbe wakati wa utekaji, ingawa daktari Mskoti anayebeba kisa ni mtu wa kubuni. Ilipoonyeshwa Kampala Februari 2007, Rais Museveni na Whitaker mwenyewe walihudhuria. Waliomkumbuka Amin walipata nafasi ya kulinganisha sauti, mwendo na kicheko na kile walichokiona kwa macho yao, na utawala wake ukasimuliwa katika mitaa walimoishi.

Mwaka 2018 José Padilha wa Brazili, aliyeshinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin miaka kumi kabla kwa Tropa de Elite, alirudi Berlin na 7 Days in Entebbe. Safari hii watekaji wawili wa Kijerumani, Daniel Brühl kama Böse na Rosamund Pike kama Kuhlmann, wako mbele, na uvamizi umechanganywa na onyesho la dansi la kundi la Batsheva. Wapo waliovutiwa na ujasiri huo. Wengi zaidi walichoshwa, wakisema dansi inakata pumzi ya tukio pale hasa linapopaswa kubana. Lawama nzito zaidi ilihusu huruma: kwa nini magaidi wapewe dhamiri huku mateka wakiwa umati? Na katika uvamizi Yonatan Netanyahu anaanguka mapema, bila utukufu wa filamu ya Golan, jambo lililowaumiza watazamaji waliokua wakimjua kama shujaa wa taifa.

Lakini baadhi ya mambo yaliyoonekana kuwa ni kuwapendelea watekaji yana ushahidi. Ilan Hartuv, mwana wa Dora Bloch na mmoja wa mateka, alieleza kwamba milio ya risasi ilipoanza Böse aliwaelekezea mateka bunduki, kisha akawaambia wajifiche. Hartuv pia alisisitiza kwamba utenganishaji wa mateka, uliotangulia kuachiliwa kwa wasio Waisraeli, ulifuata uraia wa Israel, si dini. Masimulizi mengi ya awali yaliuonyesha kama uchambuzi wa Wayahudi uliorudisha picha ya kambi za Wanazi, na kwa manusura wa kambi hizo waliokuwemo humo ukumbini, kusikia Mjerumani akisoma majina kulirudisha picha hiyo bila kuhitaji maelezo ya yeyote.

Mfano mwingine wa pengo kati ya filamu na ushahidi ni Mercedes nyeusi. Makomando waliokuwa mbele walipanda gari hilo ili wafanane na msafara wa mkubwa wa Uganda. Walipokaribia jengo, askari wa zamu aliinua bunduki. Netanyahu na mwenzake wakampiga kwa bastola zenye kizuia sauti, kisha zikasikika risasi za kelele, na siri ikafichuka mita chache kabla ya mlango. Miaka 20 baadaye Muki Betser, aliyekuwa ndani ya gari hilo, aliandika kwamba ishara ile ilikuwa saluti ya kawaida ya ulinzi na kwamba hakukuwa na haja ya kufyatua. Familia ya Netanyahu haikubaliani naye. Filamu za 1976 na 1977 zilitengenezwa kabla ya mabishano hayo kutoka hadharani, kwa hiyo ukimya wa filamu hizo si ushahidi wa ukweli.

Kuhusu Dora Bloch ushahidi ulitoka kwa Waganda. Henry Kyemba, waziri wa afya wa Amin aliyekimbilia uhamishoni, alieleza mwaka 1977 jinsi bibi huyo alivyoburutwa kutoka wodini na kuuawa. Masalia yake yalipatikana mwaka 1979, baada ya majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda kumng'oa Amin. Filamu tatu za kwanza zilikuwa zimeshatengenezwa wakati huo.

Anayetaka kujua jinsi uamuzi ulivyofikiwa katika baraza la mawaziri atatosheka na Kershner. Anayetaka kujua Israel ilivyojiona atazame Golan, na anayetaka kuwasikia watekaji atamvumilia Padilha. Lakini askari wa Uganda waliokufa usiku ule, na Wakenya waliouawa Uganda katika siku zilizofuata, hawana hata mhusika mmoja mwenye jina katika filamu hizo nne.