Sambaza na mafuta yake

Katika sikukuu zetu za mila, sahani ya sambaza iliyokaangwa na mawese inaletwa kama chakula cha mababu. Kwa watu wa Uvira, Baraka na Kalemie sina neno: ndagala ni yao tangu zamani. Wazee wao walivua usiku usio na mwezi, wakiwasha moto ndani ya mtumbwi na kuchota samaki kwa lusenga, ule wavu wa mpini mrefu. Lakini kwa sisi wa ziwa Kivu habari ni ingine.

Ziwa letu lilikuwa na aina chache za samaki, na kule katikati hapakuwa hata mmoja wa kula vijidudu vinavyoelea majini. Kati ya 1958 na 1960, Wabeleji wakapandisha ndagala wadogo kutoka Tanganyika. Walitaka hasa Stolothrissa. Aliyeshika ni ndugu yake, Limnothrissa, ndiye sambaza wetu. Mzee aliyezaliwa 1940 hakumuonja utotoni. Hapa kwetu, ambapo kila mtu anauliza babu wa jirani alitoka wapi, samaki huyu hajaulizwa hata siku moja! Hata ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, yenye taa na nyimbo, ilienea tu karibu na 1980.

Na mafuta? Hapo wamama wanajua kuliko vitabu. Sambaza ni jamaa ya sardini, ana mafuta yake mwilini. Jua likiwa kali, anaanikwa na kukauka upesi. Mvua ikichelewesha kazi, yale mafuta yanaharibika, samaki anageuka manjano na kuwa mchungu. Basi kwenye milima yetu ya mvua nyingi, ni heri kumkaanga akiwa mubichi.

Mawese nayo ni mugeni. Mingazi haipendi mita 1.460 za ziwa Kivu, inapenda joto la chini, kule Fizi, ambako Tanganyika iko karibu mita 770. Mafuta yalipanda mlima kama vile samaki. Yanayobaki kwenye sufuria hayamwagwi: mama anayatia ndani ya sombe, na harufu ya sambaza inaenea katika nyungu yote. Nyumba isiyo na franka ya nyama inakula bugali yake siku hiyo bila kunung'unika.