Kuondoka, Kuacha na Kuhama: Vitenzi vya Safari katika Historia ya Usambara

Mtu atakayetafsiri historia ya Usambara kutoka Kiingereza atakutana mara nyingi na kitenzi kimoja kidogo, leave, nacho kitamsumbua kuliko maneno mengi marefu. Mbegha aliondoka Ngulu, au aliiacha Ngulu? Wenyeji wa mlimani walihama mashamba yao, au walihamishwa? Mwandishi wa Kiingereza aweza kupita hapo bila kusema, maana kitenzi chake chamruhusu kunyamaza. Mwandishi wa Kiswahili hana ruhusa hiyo. Kila kitenzi atakachochagua ni hukumu juu ya jambo lililotendeka. Katika makala haya nakusudia kuonyesha jinsi hukumu hizo zilivyo na uzito, nikitumia mifano ya Lushoto na milima ya Usambara.

Yafaa tuanze na kitenzi chenyewe cha Kiingereza. Maana yake ya kale haikuwa kwenda. Ilikuwa kubakiza, yaani kuacha kitu nyuma kikae. Maana ya kutoka mahali ilifuata baadaye, kwa kuwa atokaye hubakiza kitu nyuma yake. Ama jina linalofanana nalo, ambalo maana yake ni ruhusa, lilikuwa na asili nyingine, na sauti zake zikakutana na za kitenzi hicho kwa mapito ya lugha. Ndiyo sababu Mwingereza hutumia umbo moja kwa mtumishi apewaye likizo, mume amwachaye mkewe, marehemu aachiaye wanawe mali, na abiria aondokaye kituoni.

Kiswahili kimegawa kazi hiyo kwa vitenzi vingi. Acha hutazama kile kinachobaki: huzaa achia, ambalo latumika katika urithi, achana katika talaka, na achilia katika kufungua kilichoshikwa. Ondoka hutazama yule anayekwenda. Ni jozi ya ondoa, kama ng'oka ilivyo jozi ya ng'oa, na katika Kiswahili cha vitabu vya zamani maana yake ya kwanza mara nyingi ni kuinuka mahali ulipoketi. Toka hutazama mahali pa asili. Hama hutazama makao: haitoshi mwili kwenda, sharti jiko nalo liende. Toroka hutazama mamlaka inayokimbiwa. Fariki, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kutengana, limebaki kwetu kwa safari moja tu. Aga ni kitenzi cha adabu: mtu aombe kuachiliwa na wale anaokaa nao, na hao wamruhusu. Si ajabu kwamba agana ina maana ya kupeana kwaheri, na pia ya kupatana kwa neno.

Sasa tuingie milimani. Kitabu kikuu cha Kiswahili juu ya nchi hii ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyemtumikia Semboja wa Mazinde kabla ya kushika kazi ya serikali ya Kijerumani. Kilitolewa upya na East African Literature Bureau mwaka 1962, na tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ikafuata mwaka 1963. Msomaji atakumbuka kisa cha Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyekuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, hata ndugu zake wakamnyima urithi. Alikwenda Kilindi, akafanya urafiki na mwana wa mkubwa wa huko. Kijana yule akauawa na nguruwe mawindoni, na Mbegha na wenzake wakakimbia usiku. Ndipo alipofika Zirai, kisha Bumbuli, na mwisho Vugha, ambako ukoo wake ulitawala tangu karne ya 18.

Hesabu ya safari hizi ni moja kwa Kiingereza: aliondoka mara nne. Kwa Kiswahili ni nne zilizo mbalimbali. Ngulu alitengwa, ndugu ndio waliomwacha, si yeye aliyewaacha. Kilindi alitoroka, maana alikuwa na damu ya mwana wa watu juu ya kichwa chake, na mwenye kutoroka haagi. Zirai aliaga, kwa kuwa alikwisha kuwagawia watu nyama na kuwa mwenzao. Bumbuli aliitwa, kwani watu wa Vugha walimtaka aje kwao. Hapa mwanafunzi wa Kishambaa hutabasamu, maana katika lugha hiyo kitenzi chenye umbo la ita maana yake ni kwenda. Ni bahati ya sauti tu, wala sitaki kujenga hoja juu yake. Hoja yangu ni kwamba uhalali wote wa ufalme umo katika mfuatano huu. Aliyetengwa na kutoroka ni mkimbizi. Aliyeaga na kuitwa ni mfalme. Mfasiri anayeandika "aliondoka" mara nne huufuta mfuatano huo, na msomaji hawezi tena kuona mtu asiye na kwao alivyopata kuwa Simba Mwene. Na tusisahau kwamba ukoo ule haukujiita kwa jina la Vugha ulikofika. Ulijiita Wakilindi, kwa jina la mahali palipotorokwa.

Semboja mwenyewe atupa mfano wa pili. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, urithi ulileta vita. Semboja aliposhinda alimweka mwanawe Vugha, naye akakaa Mazinde, chini ya mlima, penye njia ya misafara, bunduki na biashara. Je, aliiacha Vugha? Hapana: aliondoka pasipo kuiacha. Ila kwa Washambaa, ambao hutenga Shambaai, nchi ya mlimani, na nyika ya chini, kushuka si neno dogo. Mfalme wa mvua na rutuba aliye nyikani ni jambo la kuulizwa, na miaka ile ya vita watu waliuliza kwa sauti kubwa.

Mfano wa tatu ni mzito kupita yote, kwa kuwa ulipimwa kwa ardhi. Amri ya Kijerumani ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Mashamba ya Wazungu yalikuwa yamekwisha kuanza katika Usambara ya Mashariki, na baadaye upande wa magharibi, kuzunguka kituo kilichoitwa Wilhelmstal, ndio Lushoto ya leo. Swali la kila siku likawa: ardhi hii ina mwenyewe? Afisa alitazama, akaona magugu, akaandika kwamba wenyeji wameiacha. Lakini mkulima wa milimani huacha shamba kwa njia mbili. Huliacha lipumzike ili nguvu zake zirudi, na huko ni kulima kwa subira. Au huliacha kabisa, akahama. Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa yote mawili, na hapo lugha yetu, iliyo tajiri katika kuondoka, yaonyesha umaskini wake katika kuacha. Sisemi kwamba ardhi ilipotea kwa kosa la tafsiri. Ilipotea kwa nguvu. Nasema kwamba neno moja lenye maana mbili lilirahisisha kazi ya mwenye nguvu.

Niliwahi kumwuliza mzee mmoja wa upande wa Soni juu ya konde lililomea vichaka kando ya mgomba wake. Nikasema, "Baba, naona shamba hili mmeliacha." Akanijibu, "Hatukuliacha, mwanangu. Limelala." Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na shahada yangu ya sarufi, nami sikuwa nimelifikiria neno hilo.

Toroka nayo ilipata maana mpya katika siku hizo. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal iliweka utaratibu wa kadi: kila mwanamume alitakiwa afanye kazi kwa mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi 4, la sivyo apelekwe kwenye kazi za serikali. Mtu aliyerudi kwake kulima alihesabiwa mtoro. Kitendo ni kurudi nyumbani. Jina lake ni kutoroka. Vivyo hivyo katika mpango wa kuhifadhi ardhi wa bonde la Mlalo, ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1946, ilikusudiwa watu wapunguzwe mlimani na kwenda bonde la Mkomazi. Tofauti ya hama na hamishwa ni viambishi viwili tu, na ndani yake mna siasa yote ya miaka ile.

Mfano wa mwisho wahusu lugha yenyewe. Wambugu wa Usambara husimulia kwamba walitoka mahali paitwapo Lukipya. Wana msamiati wao, uitwao Ma'a, wenye maneno mengi ya asili ya Kikushi, lakini sarufi yao ni ya Kibantu, karibu na Kipare. Tena hutumia msamiati wa kawaida wa Kibantu kwa sarufi ile ile. Wataalamu wamebishana juu yao kwa muda mrefu, na Maarten Mous aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 2003. Je, Wambugu waliacha lugha yao? Mtu akisema waliiacha, maneno yaliyobaki ni mabaki tu. Akisema waliihama, yawezekana watu walihamia sarufi mpya, kisha wakaokoa vyombo vya nyumba ya zamani ili wasisahaulike kuwa wao ni wao. Mimi naelekea upande wa pili. Anayetunza msamiati wa pili kwa vizazi, hali wa kwanza wamtosha kwa mahitaji yote, hajaacha kitu.

Kwa hiyo nawaomba watungaji wa kamusi na wafasiri wa historia wasiridhike kuandika ondoka na acha, kisha wapite. Kabla ya kuchagua, na waulize mambo matatu: nani aliyetaka safari, ni kitu gani kilichobaki, na je, paliagwa? Kama maandishi ya asili hayajibu, mfasiri aseme wazi kwamba hayajibu, asije akawafanya watu waonekane wameacha kile ambacho kwao kilikuwa kimelala tu.