Daftari la Mzee Muuza Pikipiki

Katika kukumbuka tulikotoka, tumemchagua mzee mmoja wa kambi yetu ya Nyarugusu. Kule Uvira aliuza pikipiki, Yamaha na Suzuki, na walimu aliwakopesha walipe kidogo kidogo. Oktoba 1993, zaire mpya 1 ilipochukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani, akaanza kuandika madeni kwa dola. Vita vya Oktoba 1996 vilimtoa mjini na daftari hilo tu. Siku hizi asubuhi humwagilia mchicha, jioni hucheza bao. Pikipiki ikipita, huitaja aina yake kwa mlio, kabla hatujaiona. Wadeni wake wengine tuko naye hapahapa. Hatudai, hutuuliza habari za watoto. Daftari bado analo.