Dawa ya Koch Iliyogeuka Kipimo

Agosti 1890, katika mkutano wa kimataifa wa madaktari mjini Berlin, Robert Koch alidokeza kwamba amepata kitu cha kuwazuia bakteria wa kifua kikuu, wale wale aliowatambua mwaka 1882. Ilipofika Novemba, wagonjwa walikuwa wakimiminika Berlin. Arthur Conan Doyle, daktari na mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, alikwenda kujionea, akarudi na mashaka.

Mashaka yake yalikuwa na msingi. Tuberkulini, kama dawa hiyo ilivyoitwa, haikuponya. Wagonjwa walipandwa na homa kali, na wapo waliokufa. Koch, kwa aibu yake, alikuwa ameficha kwa miezi kadhaa jinsi alivyoitengeneza.

Hata hivyo, alikuwa ameona jambo: dozi ndogo ilimtikisa mwenye TB, ilhali asiye nayo hakudhurika sana. Mwaka 1907, Clemens von Pirquet wa Vienna alianza kuchanja ngozi ya watoto kwa tone la tuberkulini. Mwaka uliofuata Mfaransa Charles Mantoux akaidunga ndani ya ngozi yenyewe, na njia yake ndiyo inayotumika hadi leo.

Muuguzi hudunga mililita 0.1 kwenye mkono, chini ya kiwiko. Kiputo cheupe huinuka, kisha hunywea. Jibu husomwa baada ya saa 48 hadi 72. Msomaji mzoefu hahangaiki na wekundu. Hupapasa kutafuta ukingo wa uvimbe mgumu, akaupima kwa rula. Milimita 5 zinatosha kwa anayeishi na VVU. Kwa wengine wengi huku kwetu, 10.

Kwa nini usubiri siku mbili? Wengi walidhani kingamwili za kwenye damu ndizo zinazohusika. Mwaka 1945, Merrill Chase wa New York alihamisha chembe nyeupe kutoka kwa simbilisi ambao miili yao ilikuwa tayari inaitikia tuberkulini, akawadunga wenzao. Hao nao, walipodungwa tuberkulini, ngozi zikavimba. Seramu peke yake haikuweza kufanya hivyo. Kingamwili hufanya kazi ndani ya dakika. Chembe hizi lazima zisafiri hadi pale sindano ilipoingia na kuita nyingine.

Uvimbe huo hauthibitishi kwamba mtu anaumwa. Huonyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana na bakteria hao, au na chanjo ya BCG wanayopewa watoto wetu wakizaliwa. Na mtoto aliyedhoofishwa na utapiamlo anaweza kuwa na TB kali, ngozi yake isivimbe kabisa.