Mstari wa Ubavuni mwa Samaki

Mtazameni samaki ubavuni. Mara nyingi mtaona mstari mwembamba utokao karibu na kichwa hadi mkiani. Je, una kazi gani?

Wataalamu wa zamani wa Ulaya walidhani ni mfereji wa kutoa ute tu. Mwaka 1850 Mjerumani Franz Leydig aliona ndani yake chembe za fahamu. Basi, kumbe ni kiungo cha kuhisi! Lakini kuhisi nini?

Jibu lilikawia. Mwaka 1908 Bruno Hofer alionyesha kwamba samaki huhisi mkondo wa maji kwa mstari huo. Baadaye, tangu miaka ya 1930, Mholanzi Sven Dijkgraaf aliendelea kuuchunguza. Samaki aogeleapo husukuma maji. Maji hayo yakikaribia jiwe, mwendo wake hubadilika. Hapo vinyweleo vidogo sana vya mstari hupinda, na samaki hupata habari. Dijkgraaf aliita jambo hili kugusa kwa mbali. Ndiyo maana samaki vipofu wa mapango ya Meksiko hupita kati ya mawe bila kuyagonga.

Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitengeneza mstari wa namna hiyo kwa vinyweleo vya kuundwa, nao ukatambua mahali pa kitu kinachotikisika majini. Nia yao ni kwamba vyombo viendavyo chini ya maji vipate njia penye tope na giza, ambapo taa haifai.

Swali la kujadiliana: kwa nini jicho peke yake halimtoshi samaki?